Nani Hunufaika na Moshi wa Viwanda?



Tumechoka kuhubiriwa kwamba mji ukikua, kila mkaaji wake hukua nao. Wahubiri hao na waje nasi alfajiri kwenye njia ziingiazo Eneo la Viwanda, Nairobi. Watawakuta vibarua wakitoka Mukuru kwa miguu, kwa kuwa nauli ya matatu ingemeza ujira kabla haujafika nyumbani.

Sensa ya 1969 ilihesabu watu wapatao laki tano Nairobi. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni nne. Watu hao ndio waliojenga utajiri tunaoonyeshwa. Mwaka 1990 serikali ilitunga sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, na mwekezaji akasamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10. Mwaka uo huo ilianzishwa kodi ya ongezeko la thamani, anayoilipa mshona nguo wa Athi River kila anunuapo sabuni. Huo tunauita wizi wa kisheria.

Wizi mkubwa zaidi umo ardhini. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Mukuru iligawiwa watu binafsi kwa sharti la kujenga viwanda vidogo. Wengi hawakujenga hata ukuta. Wafanyakazi wa viwanda jirani, wasiojengewa nyumba na mwajiri wala serikali, wakajisitiri humo kwa mabati. Kwa kuwa makao yao hayatambuliwi, mama wa Mukuru hununua maji kwa mtungi, na kwa kila lita hulipa kuliko tajiri wa Muthaiga mwenye mfereji. Mshahara mdogo, gharama kubwa: hivyo ndivyo maskini anavyomlisha tajiri.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulishangilia. Vyama vikawa vingi. Wagawa ardhi (tuseme kweli) wakabaki walewale, wakibadili kofia tu. Katiba ya 2010, ibara ya 43, iliahidi makao na maji safi. Mwishoni mwa 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga, na maelfu wakalala mvuani. Makanisa yaligawa blanketi. Vyema, lakini blanketi si hati.

Twadai majina ya wenye hati za Mukuru yatangazwe hadharani, na kila hati iliyovunja sharti la kujenga ifutwe. Parokia zianze kukusanya sahihi Jumapili ijayo.