Kinywa cha Mama Kitunzwe Kabla ya Mimba



Sisi makatekista tunaowaandaa wachumba kwa ajili ya ndoa takatifu tumezoea kujivunia mafundisho yetu. Kwa miezi mingi tunawaeleza agano la ndoa, uaminifu, sala ya familia, uzazi wenye wajibu na namna ya kuishi kwa amani na wakwe. Lakini kuna jambo ambalo hatukulifundisha, na kutolifundisha kumetutia aibu. Hatukuwahi kumwambia mchumba hata mmoja aende kwa mganga wa meno kabla ya arusi.

Miaka michache iliyopita, mama mmoja kijana wa parokia yetu, ambaye tulimfundisha sisi wenyewe, alishikwa na maumivu ya jino akiwa na mimba ya miezi saba. Jino lile lilikuwa na shimo tangu siku za uchumba. Yeye alilijua, na mchumba wake alilijua, ila fedha zote zilikwenda kwenye mahari na karamu. Shavu lilipoanza kuvimba, wazee wa nyumba walisema kwamba jino haling'olewi mtu akiwa na mimba. Mume akanunua vidonge dukani bila karatasi ya mganga. Nasi tulipomtembelea pamoja na wanashirika, tulimwombea, kisha tukamwambia avumilie na kuunganisha mateso yake na msalaba wa Bwana.

Siku ya nne hakuweza tena kufungua kinywa wala kumeza mate, na homa ilikuwa imepanda. Alipelekwa hospitali usiku. Mungu ni mwema: mama aliokoka, na mtoto alizaliwa salama. Mganga aliyempokea alituuliza swali moja tu: "Mlikuwa mnangoja nini?" Hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile tumetambua kwamba tulichanganya mambo mawili yasiyofanana. Uvumilivu ni fadhila ya mtu anayebeba mzigo usioweza kuondolewa. Kuacha mzigo unaoweza kuondolewa umwangamize jirani ni uzembe, hata kama tunaupamba kwa maneno ya sala. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu halingojewi hadi paa lianguke ndipo litengenezwe.

Basi tuseme waziwazi yale tuliyopaswa kusema mapema. Mwanamke akishika mimba, homoni za mwili wake hubadilika, na fizi zake huvimba na kutoka damu kwa urahisi kuliko zamani. Fizi zilizokuwa tayari na ugonjwa huzidi kuugua. Kichefuchefu na kutapika huleta asidi ya tumbo mdomoni, na asidi hiyo hulainisha tabaka gumu la nje la jino. Tena mama mwenye mimba hula mara kwa mara, na akitamani chai ya sukari nyingi na biskuti, vijidudu vya kinywani hugeuza sukari hiyo kuwa asidi inayotoboa meno. Kwa hiyo shimo dogo la wakati wa uchumba linaweza kuwa jipu wakati wa mimba.

Wataalamu wameona pia kwamba akina mama wenye ugonjwa mkubwa wa fizi hujifungua kabla ya wakati, au huzaa watoto wenye uzito mdogo, mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Lakini haijathibitika kwamba kutibu fizi katikati ya mimba kunaondoa hatari hiyo. Kwetu sisi hilo ni sababu moja zaidi ya kutongoja. Mimba ianze kinywa kikiwa kizima.

Kuna msemo unaorudiwa katika nyumba nyingi, kwamba kila mtoto humla mama yake jino moja. Vijana, msiupokee. Mtoto hachukui madini kutoka katika meno ya mama. Hujengwa kwa chakula anachokula mama, na chakula kisipotosha, kwa akiba ya mifupa yake. Meno ya akina mama wengi huharibika kwa sababu yalikuwa mabovu kabla, na wakati wa mimba hakuna aliyeyaangalia. Msemo huo umewafanya mabinti wetu waone kupoteza meno kuwa kodi ya uzazi, wakati ni ugonjwa unaozuilika.

Mtu atauliza: kwa nini mnawaambia mambo haya vijana wa Kiro na Xaveri, ambao bado hawajaoa wala kuolewa? Tunajibu kwamba meno ya kwanza ya mtoto huanza kuumbika tumboni karibu na juma la sita la mimba. Wakati huo mama wengi ndio kwanza wanaanza kujihisi. Anayesubiri hadi siku ya kwanza ya kupimisha mimba amekwisha kuchelewa, na hata huko kituoni mara nyingi hupimwa uzito na damu bila mtu kumwomba afungue kinywa. Wakati ulio bora ni wakati wa uchumba.

Wala msidhani kwamba neno hili ni la wasichana peke yao. Vijidudu vinavyotoboa meno hupita katika mate, na mtoto huvipokea kwa wazazi wake wanapoonja uji kwa kijiko kilekile anacholishwa. Baba mwenye meno mabovu naye humrithisha mwanawe. Tena mara nyingi ni mwanaume anayeshika mfuko wa nyumba. Mvulana anayejitayarisha kuoa na ajiulize kama ameweka kando fedha za afya ya mwenzake, au ameweka za vinywaji vya wageni tu.

Tunajua kwamba waganga wa meno ni wachache katika nchi yetu, na wengi wao wako mijini. Lakini wachumba husafiri kwenda mjini kununua nguo za arusi. Safari ileile na iwafikishe kwa mganga wa meno, wote wawili, ili mashimo yazibwe, ukoga uliogandamana uondolewe, na jino lisiloponyeka ling'olewe mapema.

Asiyeweza kusafiri naye ana kazi ya kufanya leo. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, na mara ya pili iwe kabla ya kulala. Apunguze sukari katika chai na vinywaji vitamu katikati ya milo. Ale sombe, maharagwe na ndakala pamoja na mifupa yake. Ajitazame katika kioo: fizi zinazotoka damu, harufu isiyokwisha, jino linalotikisika au lenye doa jeusi ni dalili za kutafuta msaada.

Na yule ambaye tayari ana mimba asikate tamaa. Jino linaweza kutibiwa na hata kung'olewa wakati wa mimba. Miezi ya katikati, wa nne hadi wa sita, ndiyo inayofaa zaidi, lakini jipu halingojwi mwezi wowote. Amwambie mganga kwamba ana mimba, wala asinunue dawa kwa kubahatisha. Tetrasiklini huweza kuyatia meno ya mtoto rangi isiyotoka, na ibuprofeni ni hatari hasa katika miezi ya mwisho. Akitapika, asukutue kwa maji na kungoja karibu saa moja kabla ya kupiga mswaki.

Maoni yetu ni haya: katika parokia zetu, mafundisho ya ndoa yawe na somo moja juu ya afya ya mwili wa wachumba, na kinywa kisisahauliwe. Mwuguzi mmoja wa parokia anaweza kulitoa kwa saa moja. Mashirika yanayochanga fedha kwa ajili ya arusi yachange kidogo pia kwa ajili ya matibabu haya. Zawadi hiyo haitaonekana katika picha za arusi, lakini mama ataila pamoja na chakula chake kila siku.

Kanisa humkumbuka Mtakatifu Apolonia tarehe 9 Februari. Watesi wa Aleksandria walimvunja meno karibu na mwaka 249, naye hakumkana Kristu. Wenye maumivu ya meno humwomba msaada. Tumwombe, na tukiisha kumwomba, twende kwa mganga. Kwake hakukuwa na njia nyingine ya kubaki mwaminifu. Kwa dada zetu njia ipo.