Asilimia 11 iliyo ghali kuliko 15

BARAZANI na Mwanaidi Kombo

Mpwa wangu alikuja Jumapili na karatasi mbili mkononi, na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Anataka nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni na amepungukiwa Sh60 milioni. Kampuni inayouza nyumba inamkubalia alipe kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 11. Benki nayo inampa miaka 15, ila kwa asilimia 15.

"Shangazi, hapa kuna la kujadili kweli?"

Nikamtuma alete kikokotoo (cha kawaida, si kile cha mafao ya wastaafu).

Kwenye karatasi ya kampuni, riba inapigwa juu ya mkopo wote, mwaka hadi mwaka. Asilimia 11 ya milioni 60 ni Sh6.6 milioni. Zidisha kwa 15, unapata milioni 99. Atarejesha Sh159 milioni, yaani Sh883,333 kwa mwezi. Hata mwaka wa 14, deni likiwa limebaki kiduchu, atatozwa riba kana kwamba hajawahi kulipa hata shilingi.

Benki inatoza salio lililobaki tu. Rejesho ni kama Sh839,750 kwa mwezi, jumla Sh151.2 milioni hivi. Kwa hiyo asilimia 15 ni nafuu kuliko 11, kwa karibu milioni nane. Kijana aliirudia hesabu mara tatu, kisha akaomba chai.

Msidhani naipigia benki debe. Katika rejesho lake la kwanza, Sh750,000 ni riba. Kinachopunguza deni hakifiki hata Sh90,000. Akiiuza nyumba baada ya miaka miwili, atashangaa deni lilivyobaki palepale. Halafu kuna ule ukarimu wa ofisa mikopo: "Tukuongezee muda, rejesho lipungue." Miaka 20 badala ya 15 inampunguzia mkopaji huyu chini ya Sh50,000 kwa mwezi, na kumwongezea zaidi ya Sh38 milioni kwa jumla. Hiyo ni nyumba nyingine ndogo, au angalau msingi, kuta na bati.

Ughali wenyewe una sababu. Amana nyingi benki ni za muda mfupi, na nyumba inataka fedha ya miaka mingi; ndiyo maana mwaka 2010 ilianzishwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki ili nazo zikopeshe kwa muda mrefu. Lakini ughali ni jambo moja, kufichwa bei ni jingine. Muuza nyanya sokoni anakutajia fungu ni shilingi ngapi. Muuza mkopo anakutajia asilimia, basi. Kwa maoni yangu, kila tangazo la mkopo wa nyumba lingelazimishwa kuandika, kwa herufi kubwa zilezile za asilimia, jumla ya shilingi zitakazorudi, pamoja na ada ya kuandaa mkopo, malipo ya mthamini, bima na gharama za kusajili rehani.

Nilimrudisha mpwa wangu benki na maswali manne. Je, riba inahesabiwa kwenye salio? Inaweza kupanda katikati ya safari, na nani anaamua? (Tangu Januari 2024 Benki Kuu hutangaza riba yake yenyewe, nayo huweza kusukuma nyingine.) Jumla ya yote, ada zikiwamo, ni kiasi gani? Na nikipata fedha nikamaliza deni mapema, mtanitoza faini?

Matatu ya kwanza alijibiwa, moja kwa kusitasita. La nne ofisa alifungua faili, akalifunga, akasema atampigia simu. Leo ni siku ya sita.