Haina Maneno

Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya, hapa Kamunyonge, nilibaki kwenye kinanda cha kanisa nikapiga kipande cha nne cha Kreisleriana ya Robert Schumann. Kiko taratibu sana, na kati ya vile vinane ndicho pekee ambacho vidole vyangu vinakimudu. Mwalimu wa kwaya alikuwa anakunja nyaya za spika. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Inasema nini hiyo?"

"Haina maneno, mwalimu."

"Basi zima, mwanangu. Kinanda hiki kilinunuliwa kwa sadaka, si kwa kuchezea."

Nilizima. Mwalimu ni mtu mzima, sikubishana naye pale. Nabishana hapa.

Schumann alikuwa mtoto wa muuza vitabu wa mji wa Zwickau, Ujerumani. Mwaka 1838, akiwa na miaka 27, aliandika vipande vinane vifupi vya piano kwa sababu ya Johannes Kreisler, mwanamuziki ambaye hakuwahi kuishi popote ila ndani ya maandishi ya E.T.A. Hoffmann. Kreisler ni mtu wa kuchafuka ghafla na kutulia ghafla. Vipande navyo viko hivyo: kimoja kinakimbia kama mtu anayefukuzwa, kinachofuata kimepoa kama sala. Hakuna kinachosimulia kisa. Ni kijana aliyesoma, maandishi yakamkaa moyoni, akayajibu kwa kile alichokijua.

Mbona sisi hatujibu?

Ziwa hili tunalochota maji ndilo linalokizunguka kisiwa cha Ukerewe, na Ukerewe ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, kijiji cha Namagondo. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Tumeifanyia nini? Tumeichambua: fani, maudhui, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Tukitoka kwenye mtihani tunafunga kitabu. Mimi nikimsoma Zakaria na ulevi wake nasikia mkono wa kushoto unaopepesuka, hauishi pale ulipoanzia. Nikimsoma Regina nasikia noti moja inayorudiwa, haipandi wala haishuki, kwa sababu mama huyo nyumba yote iko mgongoni mwake. Hayo hakuna aliyeniuliza kwenye mtihani, nami sikuyaandika.

Najua nitakavyojibiwa. Wenzangu niliosoma nao watasema huo ni uzungu. Haya, fungueni vitabu vya nyimbo tunavyobeba kila Jumapili, mhesabu tuni zilizotoka kwa Wajerumani. Tuni ya Mjerumani ikipewa maneno ni yetu, ikikosa maneno ni uzungu? Hapo Butiama tu alizaliwa mtu aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, na Julius Caesar yake ikachapishwa mwaka 1963 akiwa Rais wa nchi. Sijasikia anayesema Mwalimu Nyerere alipotea.

Wengine watasema muziki wa Mwafrika lazima useme kitu. Babu yangu wa Tarime alikuwa na litungu la nyuzi nane. Aliimba ng'ombe, aliimba majina ya watu. Lakini ilifika saa akafunga mdomo, nyuzi zikaendelea zenyewe, na wazee waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza. Hakuna aliyeuliza litungu linasema nini. Sharti hili la maneno tumelitoa wapi? Si kwa babu.

Kezilahabi mwenyewe alikutana nalo. Alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo waliosema tungo zisizo na vina wala mizani si mashairi. Leo huwezi kueleza ushairi wa Kiswahili ukamruka. "Haina maneno" ni mdogo wake "hayana vina", baba mmoja mama mmoja.

Hoja ya sadaka ndiyo inayoniuma, kwa sababu ni ya kweli. Kinanda kile ni jasho la kina mama wa sokoni na wavuvi, nami sina changu. Lakini ndiyo maana nabisha. Watoto wengi wa mtaa huu kinanda watakachogusa ni hicho hicho. Tukikizima kila kinapopigwa kitu kisicho na maneno, tunamfundisha mtoto mwenye sikio kwamba kazi yake ni kuwafuata waimbaji nyuma, na kwamba kitabu alichokipenda ni cha kujibia maswali tu. Hapo sadaka ndiyo inapotea.

Nimeandika vipande vitatu vya Rosa Mistika. Cha Zakaria hakifiki dakika mbili. Nimemwomba mwalimu nusu saa baada ya mazoezi ya Jumamosi, umeme nitalipia mimi. Hajanijibu. Ila kitabu nilichompa asome kwanza, amekichukua.