Pima nafasi kwanza, kuku baadaye

Ndugu zangu, hapa Kanyosha kuku amekuwa benki yetu. Ada ya shule ikikaribia, anauzwa jogoo. Mtoto akilazwa hospitali, zinauzwa trei za mayai. Kwa sisi tuliorudi kutoka Tanzania bila shamba la kutosha, na kwa wenzetu wanaokula kwa njia ya Mugina na Manyovu, kuku ni mtaji unaozaliana. Ndiyo maana kila mmoja anataka kuongeza. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni namna tunavyoongeza: tunanunua kuku kwanza, halafu ndipo tunajiuliza watalala wapi.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Nilizaliwa katika makazi ya Katumba, Mpanda, baada ya wazazi wangu kukimbia mauaji ya 1972. Kule familia ilikuwa na ekari kadhaa. Kuku walishinda shambani na kurudi jioni wenyewe. Hakuna aliyewapimia nafasi, maana nafasi ilikuwepo. Niliporudi mwaka 2009 na kuanza kufundisha, nilikuja na akili ya Katumba kwenye kiwanja cha Kanyosha, ambapo ukipiga chafya jirani anakuitikia.

Nilikuwa na kuku 12 katika banda la mita 2 kwa mita 1 na nusu. Walitaga vizuri. Nikakopa katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikanunua mitetea 30 kwa mpigo kutoka kwa mchuuzi aliyewatoa ng'ambo ya mpaka, nikawaingiza mlemle usiku uleule. Kuku 42 ndani ya mita 3 za mraba, yaani 14 kwa kila mita! Ulikuwa mwezi wa Novemba, mvua imekaza. Matandiko yakalowa, harufu ikachoma macho, kuku wakaanza kudonoana na kula mayai. Kisha kideri kikaingia. Kwa wiki mbili nilizika kuku 29. Nikabaki na 13. Yaani nilikopa pesa ili niongeze kuku mmoja.

Deni nililipa. Kilichonichukua muda zaidi ni jirani, ambaye kuku wake nao walikufa, akaacha kunisalimu. Ndugu msomaji, sisi tunaoitwa abahungutse tunajua ujirani ni mali. Tusiuvunje kwa sababu ya kuku.

Sasa tufanye hesabu ambayo ningeifanya kabla ya kukopa. Baada ya nyumba, jiko, choo na njia ya watoto, nilibakiwa na mita 6 kwa 5, yaani mita 30 za mraba. Kuku wa kienyeji anayetoka mchana, mita moja ya banda inatosha kuku 4. Nje, mpe kila mmoja angalau mita moja ya uwanja. Banda la mita 6 za mraba na uwanja wa mita 24 vinanipa kuku 24. Si 42. Kuku 24 wanahitaji fito za kulalia zenye urefu wa karibu mita 5, maana kila mmoja anataka kama sentimita 20, na viota 5 vya kutagia. Uwanja niliugawa sehemu mbili kwa wavu, ili upande mmoja upumzike wakati mwingine unatumika.

Kwa kuwa maji ya mvua hapa hushuka kwa kasi kutoka milimani, inua sakafu na chimba mfereji kuzunguka banda. Upande mrefu utazame kaskazini na kusini, jua lisiwachome. Juu ya kuta weka wavu, hewa ipite. Chini tandika pumba za mpunga, ambazo hapa Imbo hazikosekani, na zikilowa zitoe.

Wafanyabiashara wa mpakani, hili ni lenu zaidi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya leo ni kibanda cha pembeni, mbali na wenyeji, ambako kuku wapya watakaa wiki mbili wakiangaliwa. Wachanjwe kideri kabla ya kuchanganywa, na chanjo irudiwe kila miezi mitatu au minne. Anayemweleza mteja wake hivyo hapotezi soko. Mteja ambaye kuku wake hawakufa ndiye atakayerudi.

Najua mtaniambia kuku 24 ni wachache, faida iko kwenye wingi. Kweli, lakini kuku 100 kwa kipimo hiki wanataka mita 25 za banda na 100 za uwanja. Mwenye nafasi hiyo na aendelee. Asiyenayo akodi ardhi nje ya mji, au abaki na idadi yake na kuuza mapema majogoo yanayozidi. Vifaranga nao wahesabiwe: mtetea mmoja akiangua 10, baada ya miezi michache hao ni kuku kamili wanaotaka pa kulala.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kikundini kuomba mkopo, chukua futi, pima ua wako, andika kwenye daftari. Kikundi nacho kimuulize mkopaji swali moja tu: hao kuku watalala wapi? Mimi ningeulizwa hivyo, nisingezika kuku 29.