Tusingoje Mafurere: wito kwa walei wa Masisi na Walikale

Ndugu wazazi, walimu, na ninyi mliosomeshwa na Mafurere na Masista,

Nje ya misa, sokoni, hata kambini kwa waliokimbia makwao, tunaambiana maneno yale yale: masomo yatatengemaa siku Mafurere watakaporudi. Tumengoja vya kutosha. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2012, M23 walipoingia Goma mara ya kwanza, leo ni mtu mzima. Kama hakusoma, miaka hiyo haitamrudia.

Chukueni Mafurere Wamarista, ambao watu wa Bobandana, kando ya Ziwa Kivu, wanawajua vizuri. Oktoba 1816, padri kijana Mfaransa, Marcellin Champagnat, aliitwa kwa kijana mmoja mahututi, akakuta hajawahi kufundishwa lolote juu ya Mungu. Kijana akafa siku ile ile. Champagnat hakusubiri apate watu wenye diploma. Tarehe 2 Januari 1817, pale La Valla, aliwaweka vijana wawili katika nyumba moja, na ndipo shirika lilipoanza. Mmoja wao, Jean-Marie Granjon, alikuwa ametoka jeshini kwa Napoleon. Ninyi wa Nyabiondo na Pinga mnaoishi na vijana walioweka silaha chini, msilipite jambo hili haraka.

Na nani aliwafundisha Mafurere hao wa kwanza kazi ya ualimu? Ni mwalimu Claude Maisonneuve, ambaye hakuwa mmoja wao. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa mlei alikuwa ndani ya kazi hii. Hatuombi kupewa nafasi ya mtu mwingine.

Champagnat aliwataka walimu wake wawapende watoto, na wawapende wote sawasawa. Huku kwetu hapo ndipo penye mtihani. Machi 1993 mauaji yalianzia Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi, na hadi leo kuna mzazi anayeuliza kwanza mwalimu ni wa kabila gani kabla ya kuuliza kama anafundisha vizuri. Mhunde, Mnyanga, Mhutu, Mtutsi, Mtembo: watoto wao wakikaa benchi moja, wakagawana kitabu kimoja, masomo hayo yana roho ya Mafurere hata kama hakuna kanzu hata moja uwanjani. Wakitengwa, roho hiyo haipo, hata picha ya mwanzilishi ikiwa bado ukutani. Wamarista wanne, Servando, Miguel Ángel, Fernando na Julio, walibaki na wakimbizi wa Rwanda kambini Nyamirangwe, Bugobe, Kivu Kusini, mpaka walipouawa tarehe 31 Oktoba 1996. Wangeweza kuondoka. Walibaki na watu ambao wengi walikwisha kuwakatia tamaa.

Wazee wetu walishapita njia hii. Serikali ya Mobutu ilipoyachukua masomo ya Kanisa mwishoni mwa 1974, mpaka mkataba wa Februari 1977 ulipoyarudisha mikononi mwa makanisa, walimu na wazazi walei ndio waliobaki na watoto darasani.

Sasa twende kwenye kazi. Rubaya ilitekwa Aprili 2024, Masisi kati Januari 2025, Walikale kati Machi mwaka huo huo. Kuna madarasa ambayo madawati yake yaligeuzwa kuni, manjanja yakang'olewa, na ubao ni kipande cha mbao kilichopakwa weusi wa mawe ya redio. Mbele ya ubao huo anasimama mwalimu ambaye mshahara wake, tangu benki za Goma zilipofungwa, umekuwa safari na mateso. Huyu ndiye ninayemwombea kwanza. Kila familia yenye shamba imtengee kipimo cha maharagwe au viazi wakati wa mavuno, na kijiji kimlimie siku moja. Mwalimu mwenye njaa atakwenda machimboni, Rubaya au Bisie, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Kazi ya paa na madawati ni salongo, tunaijua. Mliosoma zamani na sasa mko Goma, Kinshasa au Ulaya, lipeni minervali ya mtoto mmoja wa sekondari ambaye si ndugu yenu, na ikiwezekana si wa kabila lenu.

Mwenye silaha asilale darasani. Kongo iliunga mkono Azimio la Masomo Salama mwaka 2016, na wakubwa wa kijiji wakienda pamoja na padri, mchungaji na akina mama kumwambia kamanda atoke, wana neno la kushika mkononi. Asiende mtu peke yake.

Nawaambia pia ndugu zetu wa CBCA na Waislamu: watoto wenu wanasoma katika masomo haya pamoja na wetu, na sauti yenu kwenye kamati ya wazazi ni sawa na yetu.

Jumapili ya kwanza ya Agosti, baada ya misa, kila shirika la Wakristo la mtaa lichague watu watatu, mmoja wao awe mama na mmoja kijana. Waende kwa direkta au prefe wakiwa na daftari, waandike watoto wote wa mtaa wasiosoma na sababu ya kila mmoja. Kabla ya masomo kufunguliwa Septemba, wasomee shirika zima majina hayo, na kila jina lipate mtu mzima wa kulisimamia.