Kosa la Tarehe Si Ruhusa ya Kukata Msitu

Mwaka 2002 mtaalamu wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walitabiri kwamba barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu ingalipo. Basi wapo wanaodhihaki kila onyo juu ya mazingira, wakidai kuwa wataalamu hututisha bure.

Twakubali kwamba tarehe ile haikutimia. Lakini je, barafu imeongezeka? Hasha! Kati ya mwaka 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo lake ilitoweka. Mgonjwa aliyevuka siku aliyotajiwa na tabibu hajapona kwa sababu hiyo.

Tena, ubishi huu wa kileleni watusahaulisha msitu. Maji ya mifereji ya Wachagga na ya mto Pangani hutokana hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, wala si barafu. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulionyesha miti ya asili ikikatwa humo kinyume cha sheria. Hapo hapakuwa na utabiri. Visiki vilionekana kwa macho.

Ni nani anayefaidika na dhihaka hii? Ni mwenye msumeno. Anayelipa ni mkulima wa bondeni ambaye mfereji wake umekauka. Haki yadai tuulinde msitu sasa, bila kungoja tarehe ya mtu yeyote.