Neno la Mhariri: Ushuhuda wa Walioona

Toleo hili, msomaji mpenzi, tumelitenga kwa ajili ya watu ambao majina yao hayakupata kuchorwa juu ya kombe lolote wala kutajwa katika kipaza sauti, nao ni washabiki. Na katika washabiki tumewachagua wale wenye umri, ambao wakikutana katika uwanja wa Kinoru hapa Meru siku ya mpira, au barazani pa duka pale Makutano jua linapoanza kupoa, hawakawii kuingia katika mjadala ambao haujapata kwisha tangu walipokuwa vijana: baina ya fulani na fulani, yupi aliyekuwa na mbio zaidi? Mmoja atamtaja winga aliyemwona akiambaa na mstari wa pembeni hata beki akabaki ameshika kiuno. Mwenziwe atamjibu kwa mkimbiaji wa mita 400 aliyemwona akitoka katika kona ya mwisho peke yake. Na wa tatu, ambaye hakuona lolote katika hayo ila aliyasikia yote katika redio, atayaeleza kana kwamba alikuwapo, kwa maana mtangazaji alimfanya awepo.

Dai letu katika kurasa hizi ni kwamba mazungumzo hayo si maneno ya kupitishia jioni. Ni taarikhi, na aghalabu ni taarikhi ambayo haikuandikwa mahali pengine popote. Na maadam wenye kuihifadhi vifuani mwao wanatutoka mmoja baada ya mmoja, ni wajibu wetu sisi tushikao kalamu kuipokea kwa staha, kuipima kwa insafu, na kuiandika hali bado yuko wa kuulizwa.

Ulimwengu umetuzoea kwa mbio ndefu, nasi tumejizoeza kujitazama kwa jicho la ulimwengu. Mtoto wa shule wa Nkubu au wa Runyenjes, ukimtaka akutajie mabingwa wetu wa masafa marefu, atakuhesabia tangu Kipchoge Keino hata Eliud Kipchoge pasi na kusita. Lakini mwulize wa mbio fupi, atamtaja Ferdinand Omanyala, kisha atanyamaza, kana kwamba kasi ilizaliwa nchini humu juzi. Wala kosa si lake, kwa kuwa hakuna aliyemsimulia. Siku ile Omanyala aliposhinda mita 100 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, tarehe 3 Agosti 2022, kwa sekunde 10.02, wengi walishangilia jambo walilodhani ni jipya, na wenye umri walijua kuwa ni jambo lililorejea baada ya miaka 60.

Aliyetangulia alikuwa Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1937, kijana wa jamaa ya Wagoa, ambaye mwezi wa Novemba 1962, kule Perth katika Australia, katika michezo hiyohiyo ya Jumuiya ya Madola, ambayo walioihudhuria waliikumbuka kwa ukali wa joto lake, alishinda yadi 100 kwa sekunde 9.5, kisha akashinda na yadi 220 kwa sekunde 21.1, akawa mtu wa kwanza kuiletea Kenya dhahabu katika michezo hiyo, na Kenya yenyewe bado iko chini ya Mwingereza. Uhuru ulipokuja, na michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipofika mwaka 1964, ndiye aliyekabidhiwa bendera mpya ya taifa kuitangulia timu yetu uwanjani. Alifariki London mwezi wa Septemba 2011. Nayaandika haya kwa urefu kwa sababu ushindi wa Perth una habari mbili ambazo hazitajwi sana, nazo zinastahili kutajwa kila litajwapo jina lake. Ya kwanza ni kwamba aliyekuwa wa tatu katika yadi zile 100 alikuwa Mike Cleary wa Australia, winga wa raga aliyeichezea nchi yake katika raga ya namna zote mbili. Basi mshabiki wa Kinoru ambaye kwa miaka yote ameuliza ni yupi angemshinda mwenziwe, winga au mkimbiaji, ajue kwamba swali lake lilikwisha kuulizwa Perth, na kijana wa Mombasa ndiye aliyelijibu. Ya pili ni kwamba aliyekuwa wa pili, Tom Robinson wa Bahama, wananchi wake wameuita uwanja wao wa taifa mjini Nassau kwa jina lake, na katika uwanja huohuo, mwaka 2014, wanaume wanne wa Kenya walivunja rekodi ya dunia ya kupokezana vijiti katika mita 1500 mara nne. Wakenya walikimbilia utukufu katika uwanja wenye jina la mtu aliyeshindwa na Mkenya. Mimi naona kuwa aliyemshinda Robinson astahili kwetu heshima isiyopungua ile aliyopewa Robinson kwao.

Tena kuna jambo linalonigusa zaidi ya medali. Mzee wa Imenti ambaye ujana wake wote hakupata kuiona bahari humtaja Antao kama amtajavyo mtu wa nyumbani kwao, na hapo hajiulizi wala hamwulizi mtu kuwa Antao alikuwa wa kabila gani au wa dini gani au baba yake alishuka katika jahazi lipi. Katika nchi ambayo imetaabika sana kwa mambo ya kuulizana makabila, ushabiki wa mbio umeyahifadhi mapenzi ambayo siasa mara nyingi imeshindwa kuyahifadhi. Na hilo peke yake lingetosha kutufanya tuwasikilize wazee hawa.

Walakini iko hoja ya vijana, nayo si ya kupuuzwa. Wao husema: wazee, ya nini kubishana, na nyakati zimeandikwa? Chukua simu, tazama namba, mwenye namba ndogo ndiye mshindi. Hoja hii yapendeza kwa wepesi wake, na wepesi wake ndio ila yake. Yadi 100 ni mita 91.44, wala si mita 100. Nyakati za zama zile zilipimwa kwa saa ya mkononi, ambayo kwa kawaida humpunguzia mkimbiaji takriban robo ya sekunde, kwa kuwa kidole cha mwenye saa huchelewa kuitikia moshi wa bastola. Leo ni mitambo ya umeme isiyomhurumia mtu. Njia ilikuwa ya makaa yaliyosagwa, au ya nyasi iliyochorwa chokaa asubuhi ile ile. Njia za mpira zilianza kutumika katika Olimpiki mwaka 1968 kule Mexico. Kadhalika hewa: Omanyala alipokimbia sekunde 9.77 pale Kasarani, tarehe 18 Septemba 2021, akaiweka rekodi ya Afrika ijapokuwa Trayvon Bromell wa Marekani alimtangulia kwa sekunde 9.76, alikuwa anaipasua hewa nyepesi ya nyanda za juu, na Antao alijifunza mbio zake Mombasa, usawa wa bahari, katika hewa nzito ya pwani. Sisemi haya ili nimpunguzie Omanyala hata chembe moja ya sifa yake, maana dhahabu ya Birmingham hakupewa na hewa ya Nairobi. Nasema ili ibainike kwamba saa hutwambia mtu alifika lini, na namna alivyofika haina pa kuijua. Alijitupa mbele tangu mlio wa bastola, au alikuwa mzito wa kuondoka kisha akawala wenziwe mmoja mmoja? Kiwanja kilikuwa kimenyeshewa? Aliyekuwa wa pili alijikwaa, au alishindwa kwa haki? Haya hayamo katika namba, yamo katika macho ya walioona.

Chukua mbio za Munich mwaka 1972. Kitabu cha matokeo kitakwambia kwamba Kenya ilishinda mita 400 kwa kupokezana vijiti, watu wakiwa Charles Asati, Hezahkiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, kwa dakika 2 na sekunde 59.8, na msomaji mwenye pupa ataongeza kuwa Wamarekani hawakuwapo, kwa kuwa wawili wao walikuwa wamefungiwa na mmoja ameumia, na hivyo ushindi ulikuwa mwepesi. Mwulize aliyeyafuata yale mashindano. Atakukumbusha kuwa Mjerumani ndiye aliyeongoza katika mzunguko wa mwisho, mbele ya watu wa kwao waliokuwa wakipiga kelele za kutetemesha paa, na kwamba Sang alivumilia hata mwenzake yule alipoanza kuchoka, ndipo akampita, naye Mjerumani akamaliza wa nne. Atakukumbusha pia kuwa Ouko hakuwa mtu wa mita 400 hasa; alikuwa wa mita 800, na siku chache nyuma alikuwa wa tano katika fainali ya umbali huo. Kisha atakurudisha Mexico, miaka minne kabla, ambako Asati na Nyamau pamoja na Naftali Bon na Daniel Rudisha walichukua fedha nyuma ya Wamarekani. Na hapo kijana aliyedhani kwamba jina la Rudisha lilianzia London mwaka 2012 atajua kwamba kabla ya mwana alikuwapo baba.

Ama katika kandanda, ambako hakuna bastola wala utepe, ushahidi wa macho na masikio ndio wote tulio nao. Ni nani aliyepata kupima kasi ya Joe Kadenge? Aliyefariki Julai 2019 ameacha nyuma yake picha chache na sauti moja, nayo ni sauti ya Leonard Mambo Mbotela, ambaye alipokuwa akitangaza alilifanya jina la Kadenge na neno mpira kuwa kitu kimoja katika masikio ya nchi nzima, hata leo mtoto asiyejua Kadenge alikuwa nani husikika akilitamka hivyo anapoukokota mpira wa makaratasi. Mbotela naye alituaga Februari 2025. Alikuwa mtoto wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, na kwangu mimi si jambo dogo kwamba nyumba moja ilikipa Kiswahili kitabu kile na sauti ile.

Na baada ya Kadenge akaja J. J. Masiga wa AFC Leopards, daktari wa meno, aliyeichezea Kenya katika kandanda na akaichezea katika raga vilevile. Washabiki wa Leopards wa miaka ya themanini hawasemi kwamba Masiga alijua chenga nyingi; husema kwamba alimwacha mtu kwa mwendo, na kwamba beki aliyepitwa hakurudi tena katika ile shughuli. Kasi, ikiwa ni kasi ya kweli, haina mchezo mmoja. Omanyala mwenyewe alitoka katika raga kabla ya kuingia katika mbio, na Collins Injera, ambaye mwaka 2016 aliipita rekodi ya trai katika mfululizo wa dunia wa raga ya wachezaji saba, angeweza kuketi katika baraza lolote la wakimbiaji bila ya kuona haya. Wamarekani walilijua hili mapema: Bob Hayes, aliyeshinda mita 100 Tokyo katika michezo ile ile ambayo Antao alibeba bendera, alikwenda mwaka uliofuata kuchezea Dallas Cowboys katika mpira wao wa Kimarekani, na timu za upinzani zikalazimika kubadili namna ya kulinda kwa kuwa hapakuwa na mtu mmoja awezaye kumfuata.

Yamkini msomaji atauliza: je, kumbukumbu haizidishi? Huzidisha. Goli la mita 20 baada ya miaka 30 huwa la mita 40, na kiwanja kilichojaa nusu hufurika. Lakini dawa ya shahidi mwenye kuzidisha si kumfukuza. Ni kumwita shahidi wa pili na wa tatu, tukalinganisha walipokubaliana na walipoachana, kama wazee wa Njuri Ncheke wafanyavyo wanapoamua shauri la mpaka wa shamba ambalo halina karatasi. Hivyo ndivyo tulivyofanya katika makala za toleo hili. Palipokuwa na rekodi, tumeifuata rekodi. Pasipo rekodi, tumewauliza zaidi ya mmoja. Na walipotofautiana tumeziandika kauli zote mbili, msomaji ahukumu.

Tumeanza na Kinoru kwa sababu Kinoru iko karibu nasi na kwa sababu imebadilika upesi. Uwanja huu ulijengwa upya kwa ajili ya mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani ya mwaka 2018, ambayo hatimaye Kenya ilipokonywa yakapewa Moroko. Na tarehe 1 Juni mwaka huohuo taifa lilikuja kuadhimisha Madaraka hapa, kama lilivyokwenda Embu mwaka 2023. Majukwaa mapya ni fahari yetu. Hata hivyo kijana anayeketi juu yake hana njia ya kujua ni nani waliokimbia juu ya nyasi ya zamani, katika mashindano ya shule na ya mkoa, wakati Meru na Embu zilikuwa zikishindania nafasi ya kuuwakilisha Mkoa wa Mashariki. Na wengi wa wakimbiaji wale hawakufika Perth wala Munich, wakarudi mashambani, wakawa walimu na askari na wauza majani chai, na mbio zao zimebaki kwa waliosimama nyuma ya kamba.

Basi twawaomba wasomaji wetu wa Meru, wa Embu na wa Tharaka watuletee wanayoyakumbuka. Andikeni jina la mkimbiaji au la mchezaji, mwaka, kiwanja, na mbio zilikuwa za umbali gani. Andikeni pia aliyekuwa wa pili na wa tatu, kwa kuwa hao ndio wanaosahauliwa upesi. Na mkiweza, tajeni mtu mwingine aliyekuwapo siku hiyo tupate kumwuliza. Asiyejua kuandika na amwambie mjukuu wake amwandikie. Barua zitakazotufikia tutazichapisha katika toleo lijalo.